Mwaliko mmoja, watu wawili

"Jumamosi njooni, tukae nje kidogo." Ujumbe wa namna hii huanza kuingia mara tu jioni zinapokuwa ndefu. Neno la kuangalia hapo ni "njooni". Ujumbe umetumwa kwa mtu mmoja, kwenye simu ya mmoja, lakini unaita wawili. Jibu nalo hurudi kwa wingi, mara nyingi kabla hata dakika haijaisha: "Tutakuja." Aliyejibu hajamuuliza mwenzake, wala hakuona haja ya kuuliza.

Katika nchi za mbali kaskazini mwa ikweta, tangu mwishoni mwa Mei hadi shule zifungwe na watu watawanyike likizoni, hizo "tutakuja" hujaa kwenye kalenda ya wenzi hadi Jumamosi tupu inakuwa kama siku iliyosahauliwa. Mbali kusini mwa ikweta hali ni hiyo hiyo, ila huanza Novemba. Hapo ndipo mabishano ya zamani yanapofufuka. Wako wanaosema wawili waliooana, au wanaoishi pamoja, waende kila mahali pamoja, marafiki wa mmoja wawe wa wote. Wengine wanasema kila mmoja abaki na watu wake na jioni zake, wakutane nyumbani. Nimewahi kuishi kwa kanuni zote mbili, na kila moja ina mahali inapobana.

Kwanza, kwa nini mabishano haya yazuke majira haya na si mengine? Jibu ni mwanga. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, mchana wa Desemba una urefu wa takriban saa 8 tu, na wa mwishoni mwa Juni takriban saa 16. Mtu anatoka kazini na bado ana nusu siku mkononi. Kukaa nje nako kunamwondolea mwenyeji mzigo: hahitaji kusafisha sebule wala kuhesabu viti, hivyo anaalika kwa urahisi zaidi. Baridi ilikuwa imewaficha wenzi hawa swali lenyewe, maana hapakuwa na wa kuwaita. Mwanga ule ule wa jioni huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, kwa hiyo wageni hawaondoki mapema, na saa ya kuingia kazini kesho yake haijasogezwa na mtu.

Sasa tuwasikilize wa "twende pamoja". Hoja yao ni nzito kuliko inavyoonekana. Mwaka 2010, mtafiti wa saikolojia Richard Slatcher alichapisha jaribio ambamo aliwakutanisha wenzi wasiojuana, jozi na jozi. Baadhi walipewa maswali ya kufunguliana moyo, ya aina aliyoitumia mwanasaikolojia Arthur Aron mwaka 1997 kuwafanya watu wageni wawe karibu kwa muda mfupi. Wengine walipewa maswali ya juu juu. Waliofunguliana walitoka wakiwa karibu na ile jozi nyingine, jambo ambalo ungelitegemea. La kuvutia zaidi ni kwamba walijisikia karibu zaidi na wenza wao wenyewe.

Ukifikiri, si ajabu sana. Nyumbani mtu unayeishi naye unamsikia kwa masikio yaliyozoea. Unajua sentensi yake itaishia wapi, ukaacha kuisikiliza katikati. Mbele ya watu wengine anaulizwa swali ambalo wewe hukuwahi kuliuliza kwa sababu ulidhani unajua jibu, na jibu linatoka tofauti. Ukipenda boga, penda na ua lake, walisema wahenga. Ni mezani kwa marafiki ndipo unapogundua kuwa ua hilo hukuwa umelitazama vizuri.

Tena kuna hesabu ya muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti wake wa mwaka 2018, alikadiria kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja mtu umfahamuye tu ageuke rafiki wa kawaida, kama saa 90 awe rafiki kweli, na zaidi ya saa 200 awe rafiki wa karibu. Saa za kuwa kazini pamoja hazikuwa na uzito kama zile za starehe. Chukua wiki sita za mwanzo wa majira ya joto, mwaliko mmoja wa saa nne kila wiki: ni saa 24. Hata nusu ya ile hatua ya kwanza haijafika. Kama kila mmoja atakwenda zake kwa watu wake, saa hizo chache zinagawanyika tena. Wakienda pamoja, saa moja inahesabiwa mara mbili.

Hata hivyo, jaribio la Slatcher lina upande wa pili ambao wapenda mialiko huuruka. Wale wa maswali ya juu juu hawakupata faida hiyo. Nani asiyejua kwamba mikusanyiko mingi ya Juni ni ya juu juu? Watu ishirini wamesimama na vikombe mkononi, kila mmoja ametoa maoni yake kuhusu hali ya hewa, watoto wanapita mbio katikati ya maneno. Wenzi walioingia pamoja wametenganishwa dakika ya tano, wakaonana tena wakati wa kuaga. Kuita hilo "tulikuwa pamoja" ni ukarimu wa lugha.

Wa upande wa pili, wanaotaka kila mmoja awe na watu wake, hawajakosa ushahidi. Wanasosholojia wa Marekani Naomi Gerstel na Natalia Sarkisian walionyesha mwaka 2006 kwamba waliooa na kuolewa huwatembelea na kuwapigia simu wazazi na ndugu zao kidogo kuliko wasio na ndoa, na hujumuika kidogo zaidi na majirani na marafiki. Waliieleza ndoa kama taasisi yenye uroho: inakula muda na moyo wa mtu hadi wengine wanabaki na makombo. Kwa hiyo lile wazo kwamba wenzi wanaokwenda pamoja kila mahali wana marafiki wengi linahitaji kuangaliwa upya. Wana mialiko mingi. Marafiki ni habari nyingine.

Kiswahili chenyewe kinalionyesha tatizo hili kwa neno moja. Mke wa rafiki yangu ni shemeji, na mume wa rafiki yangu ni shemeji vile vile. Ni neno zuri, linamwingiza mtu katika ukoo bila kumuuliza. Lakini tazama linavyobadilisha mazungumzo. Kuna mambo ambayo ningemwambia rafiki yangu usiku huu, naye angeniambia, na wala si siri za kutisha: kwamba kazi imemchosha, kwamba anaogopa umri, kwamba na mwenzake hawajaongea vizuri tangu wiki iliyopita. Shemeji akivuta kiti, tunahamia kwenye habari za safari. Yeye hana kosa lolote. Amepewa heshima, na heshima ina umbali wake.

Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1908. Watu wawili, alisema, ni umbo la peke yake, maana mmoja akiondoka hakuna kinachobaki. Akiingia wa tatu, hesabu haikuongezeka kwa mmoja tu, umbo lote limegeuka: sasa kuna anayeweza kupatanisha, anayeweza kunufaika na ugomvi, anayeweza kushirikiana na mmoja dhidi ya mwingine. Urafiki wa zamani ni wawili wa namna hiyo. Ukimleta mwenzako kila mara, unaufuga urafiki ule katika zizi la watu watatu kisha unashangaa kwa nini umepooza.

Iko pia hoja ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini: siku mambo yakiharibika. Wenzi waliokuwa na marafiki wa pamoja tu wakiachana, marafiki hugawanywa kama vyombo vya jikoni, na mmoja huondoka na sahani mbili. Siipendi hoja hii iwe ya kwanza, kwa sababu inapanga maisha kwa kutazama msiba. Lakini siwezi kuifuta.

Bado kuna jambo linalonizuia kuungana na kambi hii moja kwa moja. "Kila mmoja na jioni zake" husikika kama usawa hadi nyumba iwe na watoto. Hapo mmoja akitoka, mwingine anabaki, na ukifuatilia kalenda ya Juni nzima utakuta anayebaki ni yule yule. Wenzi wengi hawakupanga hivyo. Ilitokea tu kwamba wa kwanza kusema "Ijumaa nina watu" ndiye aliyeipata Ijumaa. Katika nyumba kama hiyo, kwenda pamoja, hata na watoto mgongoni, kuna haki zaidi kuliko uhuru unaomfaidi mmoja.

Kuna pia kazi isiyoonekana, nayo huongezeka pale pale "pamoja" inapotawala: nani anajibu mialiko, anakumbuka zawadi, anaomba radhi kwa niaba ya wawili, anayejua kwamba wale hawaelewani na hawa? Mara nyingi ni mmoja. Mwenzake anaona maisha ya marafiki yanajiendesha yenyewe, kama maji ya bomba.

Nikilazimika kuchagua, sichagui kambi. Nachagua ukubwa wa meza, na kwa hesabu hiyo naona wengi wetu tunafanya kinyume. Tunakwenda wawili kwenye umati wa watu ishirini, ambako hakuna anayetuhitaji wote, na mmoja angetosha kupeleka salamu. Kisha tumechoka, tunaahirisha ile jioni ya watu wanne ambayo ndiyo hasa ya wenzi, maana ndiyo yenye nafasi ya mazungumzo ya aina ile aliyoipima Slatcher. Rafiki wa zamani, anayestahili kuonwa na mmoja peke yake, tunamwambia tutamtafuta likizo zikiisha.

Mpango huu una gharama, nazo si ndogo. Ukifika peke yako kwenye mkusanyiko mkubwa, watu huona kuna jambo. Swali la kwanza ni "mwenzako yuko wapi?", la pili linakuja kwa macho. Mwenyeji anaweza kuudhika kwa haki, kwani alihesabu wawili. Wenzi wapya, ambao bado wanajenga ule wingi wao mbele ya watu, huenda wakahitaji kuonekana pamoja kuliko waliokaa miaka kumi na mitano. Na si kila mtu ana njaa sawa ya watu: yupo anayerudi nyumbani amechangamka na yupo anayerudi amekwisha, na huyu wa pili akiruhusiwa kubaki kila mara, ipo siku ataacha kabisa kualikwa.

Juni iliyopita nilijaribu. Mwaliko ukaja, wa wingi kama kawaida. Nikaandika: "Mimi nitakuja. Mwenzangu bado sijamuuliza." Kimya kikapita kama dakika tatu, halafu simu ikalia. Mwenyeji hakusalimia hata. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekaa tayari kupokea habari mbaya, "Kuna nini huko kwenu?"