"Stop" ilivyoondoka na koti la chemani

Mi nafundisha topu klasi huku Busia, upande wa Uganda, watoto wa miaka mitano, na kama kuna kitu kinanitoa jasho ni yale maneno ya Kiingereza ambayo mengi ukiyasoma kwa kuunganisha sauti unapotea, mtoto inabidi ayajue kwa sura tu kama anavyojua uso wa shangazi yake. Kuna Mmarekani, Edward Dolch, aliyakusanya mwaka 1936 yakafika 220. Mi nimewapa kumi tu na bado ni vita. "Said" wanasoma sa-i-di, siku moja nimeiandika ubaoni mtoto akanijibu, "Madamu, Saidi hajaja leo."

Basi nikaona tucheze. Nikakata boksi za sabuni, nikaandika maneno kwa maka, nikayabandika ukutani kwa uji wa muhogo maana gundi ya dukani ni hela. Mchezo wenyewe, mtoto anavua sapatu moja, mi naita neno, anayeliona wa kwanza analizaba paa! kama anaua nzi. Walipenda mpaka wakasahau kuulizia chai. Ila kulikuwa na kamoja, kale kapole ka dirishani, wiki nzima kanapiga ukuta mtupu.

Sasa ule uji ulikuwa haujakauka. Akaingia chemani wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, na lile koti lake la mikutano, anataka kuazima mabenchi ya matanga. Mi nainama kuhesabu mabenchi, yeye kaegemea ukuta. Alipojitoa, "stop" ikatoka naye, katikati ya mgongo, imekaa sawa utadhani kashona fundi.

Sikuiona. Kale kapole kaliiona. Nikasikia paa!

Nikageuka nikapiga kelele, "Stop!"

Jamani. Si ndo nimeita neno! Darasa zima, watoto thelathini na kitu, sapatu mkononi, wakamvamia mzee wa watu, na mi kadri ninavyosema "stop! stop!" ndo wanavyozidi kuchapa, tena palepale kwenye neno, hakuna hata mmoja aliyekosea, matokeo ambayo sijawahi kuyapata tangu nianze ualimu. Mzee anazunguka aone nani anampiga, akizunguka anawapa mgongo wale wa upande wa pili, nao wanapokea.

Akili ikanirudia nikaita "Go!", hiyo iko ukuta wa nyuma, wote mbio huko.

Chemani akajikung'uta. "Madamu, hawa mnawafundisha nini?"

"Kiingereza, mzee."

Akaniangalia weee. "Mabenchi nitatuma vijana," akasema, akatoka, na mi kumwambia ageuke nimtoe karatasi mgongoni nikashindwa kabisa, nilianzie wapi?

Kale kapole kakapanda dirishani, kanamwangalia anavyoshika njia ya sokoni, mara kakapayuka kwa furaha:

"Madamu! Stop inaenda!"