Sarafu za majaribio za mkoloni, tuzinunue ama tuziache huko?

Wapenda sarafu hapa Mombasa wakikutana lazima hii hoja izuke, ati zile sarafu za majaribio walizogonga Waingereza kwa ajili ya huku kwetu, zile chache za kuangalia muundo kabla haujapitishwa, zitafutwe zinunuliwe zikae Fort Jesus.

Wanaotaka wana pointi. Sarafu kama hiyo inakuonyesha mkoloni bado anawaza, anataka nini na anakataa nini. Angalia tu rupia ya 1888 ya ile kampuni, Imperial British East Africa, imegongwa Birmingham, ina mizani, Kiarabu, jina MOMBASA, upande wa pili taji na jua na maneno ya Kiingereza yanayosema nuru na uhuru, uhuru gani sasa na kampuni ndio ishapewa pwani ikusanye ushuru! Kuna mtu alikaa akayapanga hayo. Na muundo uliokataliwa kabisa utauona wapi kama si kwenye jaribio, hapo nakubali.

Lakini bana, jaribio lenyewe hasa lilikuwa mfukoni mwa watu. Senti ya aluminiamu ya 1907 ilipita ofisini vizuri tu, ikafika huku joto na unyevu vikaila, kufikia 1909 wanagonga za shaba na nikeli.

Halafu bei. Edward VIII alitawala 1936 peke yake, hata mwaka haukuisha akaachia kiti, kwa hivyo kwao Uingereza sarafu zenye kichwa chake zilibaki majaribio tu, na 2020 moja ya dhahabu ikanunuliwa pauni milioni 1. Huku Afrika Mashariki senti 5 na 10 zenye jina lake zilitoka zikatumika kama kawaida, maana zina tundu katikati na kichwa cha mfalme hakihitajiki! Leo ya tundu waipata kwa bei ya mahamri na mbaazi, karibu.

Sasa pesa ya umma uiweke kwenye kitu ambacho hakuna mtu wa huku alikishika? Mimi naona hapana, walio nazo waombwe picha safi za pande zote mbili na uzito, basi. Pesa iende kwa zile rupia zilizochakaa ambazo bado ziko majumbani, kabla sonara hajaziyeyusha.