Winifred: "rafiki wa amani" au binti wa Wales?

Winifred ni jina la bibi wa Kiingereza wa zama zilizopita. Huku kwetu bado li hai: Tanzania kuna akina Winfrida, Kenya akina Winfred, na Winnie wamejaa kote. Ukiuliza maana yake, vitabu vingi vya majina vitakujibu "rafiki wa amani".

Jibu hilo halikubuniwa hewani. Kiingereza cha kale kiliunda majina kwa kuunga maneno mawili: wine ni rafiki, frith ni amani. Winfrith lilikuwa jina halisi, na ndilo alilozaliwa nalo Mtakatifu Boniface, mmisionari aliyeuawa Frisia, katika Uholanzi ya leo, mwaka 754. Ila Boniface alikuwa mwanamume, na hapo ndipo hoja inapokwama. Katika majina yale, jinsia ilikaa kwenye neno la mwisho. Yenye -frith yalikuwa ya kiume, kama Ecgfrith, mfalme wa Northumbria, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Uingereza. Ya kike yaliishia na -thryth, -burh, -gifu au -hild.

Upande wa pili unatupeleka Wales, nchi iliyo magharibi mwa Uingereza (England), kwa mtakatifu wa karne ya 7 aitwaye Gwenfrewi. Inasimuliwa kwamba mwanamume aitwaye Caradog, aliyekataliwa naye, alimkata kichwa, chemchemi ikabubujika kilipoangukia, na mjomba wake Beuno akamfufua. Chemchemi hiyo iko Holywell, na mahujaji huiendea hadi leo. Gwen ni nyeupe, au iliyobarikiwa. Kuhusu frewi wataalamu hawajaafikiana. Katika sarufi ya Kiwelisi, g ya mwanzo hudondoka mahali fulani, Gwen ikawa Wen, na Kilatini kikaandika Wenefreda. Mwaka 1138 masalia yake yalihamishiwa Shrewsbury, ndani ya Uingereza. Sikio la Mwingereza, lililozoea Winfrith, likalivuta jina la kigeni kuelekea lile lake.

Kwa hiyo mzizi ni wa Kiwelisi, na kwangu hilo halina ubishi. Lakini "rafiki wa amani" siwezi kuitupa kabisa, kwa kuwa ndiyo iliyolipa jina sura tunayoijua.

Mzazi anayeandikisha mtoto aangalie herufi moja: kwa Waingereza, Winfred bila i ya kati ni jina la kiume. Kenya wanawake wengi huitwa hivyo bila tatizo lolote, mradi cheti cha kuzaliwa, cha shule na pasipoti viandikwe namna moja. Cheti kimoja kikisema Winfred na kingine Winifred, ofisi huweza kuwahesabu kuwa watu wawili.