Lami Ikifika Tandale, Mpangaji Anabaki?

Mtaa ukipata lami, wa kwanza kubadilisha hesabu zake ni dalali. Greda halijaondoka, lakini chumba ambacho mwezi uliopita alikinadi kwa kujitetea, "kiko ndani ndani kidogo ila kuna utulivu", sasa ni "chumba cha barabarani". Jina likibadilika na kodi inabadilika, na aliyemo ndani anaambiwa mkataba ukiisha wakae waongee upya.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na makadirio ya miaka mingi yanasema zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wa jiji wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Ndiyo maana fedha nyingi zimeelekezwa huko. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 300 ulioidhinishwa mwaka 2015, na sehemu yake ikaenda moja kwa moja kuboresha mitaa ya watu wa kipato cha chini kama Tandale, Kiwalani, Yombo Vituka na Mbagala: barabara za ndani, mitaro, taa. Awamu ya pili sasa inaendelea. Kando yake kuna mradi wa kudhibiti mafuriko wa Bonde la Msimbazi, nao una mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022. Kwa hiyo serikali kutumia fedha uswahilini si suala tena, kwa sababu inazitumia. Kinachobishaniwa ni nani ananufaika nazo, na kama zingefanya kazi kubwa zaidi zikipelekwa kwingine.

Hoja ya wanaotetea miradi hii ni nzito, na anayeibeza huenda hajawahi kuhamisha mgonjwa usiku kwenye uchochoro ambao hata bajaji haiingii. Barabara ya mita nne ndani ya mtaa maana yake gari la wagonjwa linafika, la zimamoto linafika, la taka linafika. Mtaro maana yake mvua za masika haziingii chumbani na kulowesha godoro na daftari za watoto. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia jijini humu, Kinondoni, kabla ya kusambaa mikoani, na maji machafu yanayotuama katikati ya nyumba ni mojawapo ya njia zake. Taa nazo zimefanya kazi ambayo ulinzi shirikishi haukuiweza: mama lishe anafunga saa nne usiku badala ya saa moja, na hayo masaa matatu ndiyo faida yake.

Upande huohuo wapo wanaokumbusha, kwa haki kabisa, kwamba "mwenye nyumba" wa Mburahati si tajiri. Mara nyingi ni mjane aliyeachiwa nyumba ya vyumba sita, anakaa chumba kimoja na kupangisha vitano, na kodi hizo ndiyo pensheni yake. Ardhi yake ikipanda thamani, hiyo ni pengine mara ya kwanza fedha ya serikali kumfikia bila fomu wala kikundi. Kulalamika kwamba amepandisha kodi ni rahisi kwa sisi tunaopokea mshahara.

Wanaopinga nao hawasemi kitu kimoja. Kuna wanaouliza kwa nini mkulima wa korosho wa Newala alipe deni la lami ya Dar es Salaam, jiji ambalo tayari lina mabasi ya mwendokasi na madaraja ya juu. Hoja hii hutamkwa sana bungeni na ina mvuto wake, ila sidhani inasimama. Sehemu kubwa ya mapato ya TRA hukusanywa jijini hapa, na mji unaofurika kila masika hugharimu nchi nzima, bandari ikiwemo.

Nzito zaidi ni hoja kwamba fedha ya mradi huishia ukutani. Mkandarasi anatengeneza kilichoko nje ya kiwanja: njia, mtaro, nguzo ya taa. Ndani ya ukuta hagusi kitu. Huko ndani kuna kaya sita au nane zinazotumia choo kimoja cha shimo, na mvua kubwa ikianza wapo wenye nyumba wanaosubiri giza watapishe choo, uchafu uende na maji. Zamani ulikwenda kwenye uchochoro. Sasa unakwenda kwenye mtaro mpya wa zege, kwa kasi nzuri zaidi, hadi kwa jirani wa bondeni. Mradi umejenga mfereji safi wa kubebea tatizo lilelile, na kwenye ripoti unahesabiwa kwa kilometa.

Mtaro huo haukai mfereji kwa muda mrefu pia. Ndani ya masika mawili matatu umejaa mchanga, viroba na chupa za plastiki, kwa sababu mkataba wa kujenga ulikuwa na fedha na wa kusafisha haukuwa na mwenyewe. TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, itasema barabara ni yake na taka ni za halmashauri. Halmashauri itasema kuna mkandarasi wa taka. Mkandarasi wa taka atasema halipwi na wakazi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye ndiye anayegongewa mlango, hana hata bajeti ya makoleo. Jiji lina halmashauri tano, na maji ya mvua hayajui mpaka wa Ubungo na Kinondoni uko wapi.

Kuna watakaosema haya yote yalishajaribiwa, na ni kweli. Miaka ya 1960 serikali kupitia Shirika la Nyumba la Taifa ilikuwa ikibomoa vibanda na kujenga nyumba mpya palepale, Magomeni ikiwemo. Ikawa ghali, na nyumba zilizovunjwa zilikuwa nyingi kuliko ongezeko lililopatikana. Miaka ya 1970 sera ikageuka: acha kubomoa, boresha zilizopo, na wakati huohuo pima viwanja vipya kwenye ardhi tupu. Kwa fedha za Benki ya Dunia, Manzese ikaboreshwa, Sinza na Kijitonyama zikapimwa. Mkono uleule, jiji lilelile, muongo uleule. Ukitaka kujua kipi kilidumu, huna haja ya mtaalamu. Panda bodaboda kutoka Manzese kwenda Sinza.

Wataalamu nao wamepima. Utafiti wa wanauchumi uliochapishwa 2021 ulilinganisha mitaa ya miradi hiyo katika miji saba ya Tanzania na kukuta kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kujenga yana nyumba kubwa na bora zaidi, zenye mpangilio, zenye umeme na vyoo vya maana, miongo kadhaa baadaye. Yale yaliyoboreshwa baada ya watu kukaa hayakuonyesha tofauti ya namna hiyo na mitaa mingine isiyopangwa. Hapo ndipo wanaopinga DMDP hupata silaha yao kali: msitie lami Tandale, pimeni Chanika na pembezoni mwa Kigamboni leo kabla hapajawa Tandale nyingine.

Ningekubaliana nao moja kwa moja kama si swali moja dogo: Sinza wanaishi akina nani? Viwanja vile vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Sehemu kubwa vimeishia kwa wenye kipato cha kati, kwa kuuziana, kwa kurithishana, kwa nguvu ya soko tu. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulirudia somo hilo kwa sauti kubwa zaidi: Mbweni na Toangoma zilipimwa vizuri, na walionunua ni waliokuwa na fedha mkononi, ambao wengine walivizungushia seng'enge na kuviacha pori. Kupima mapema kunajenga mji mzuri, sina ubishi. Hakumsaidii muuza mihogo wa Mwananyamala ambaye kipato chake kinategemea kuamka karibu na soko. Ukimpa kiwanja Chanika leo, kesho atakiuza arudi kupanga Mwananyamala.

Mfano wa tatu ni Magomeni Kota, ambao hupenda kutumiwa na pande zote mbili. Wapangaji wa kota kongwe waliondolewa, wakahangaika kwa miaka kwenye nyumba za kupanga, hadi mwaka 2016 Rais John Magufuli alipoahidi kuwajengea. Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua nyumba hizo Machi 2022: maghorofa yenye makazi ya familia 644, walewale waliokuwemo kwenye orodha. Gharama ilizidi Sh50 bilioni. Gawanya, utapata karibu Sh80 milioni kwa familia moja. Kwa fedha hiyo mtaa mzima ungepata mitaro, na atakayeniambia Kota ni mfano wa kurudiwa Buguruni, Keko na Vingunguti anionyeshe kwanza hazina yake. Lakini Kota ina jambo ambalo DMDP haina: orodha. Aliyekuwepo kabla ya mradi alijulikana kwa jina, na mradi ulipoisha aliulizwa yuko wapi. Kwa miaka yote ninayofuatilia mambo haya, hiyo ndiyo mara niliyoona mpangaji akihesabiwa kama mtu mwenye haki ya kurudi.

Kwingine kote mpangaji hayupo. Fidia kwa sheria zetu humfuata mwenye jengo na mwenye ardhi. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na kilichobaki ni makubaliano ya mezani: kodi ya miezi sita au mwaka, mwezi mmoja wa dalali, na karatasi ya daftari kama risiti. Hata kodi ya majengo, ambayo ni wajibu wa mwenye nyumba, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa mwezi ni fedha ndogo. Kwa mwelekeo si jambo dogo: thamani ya nyumba inapanda kwa mkopo wa umma, kodi ya majengo ya hiyo nyumba analipa asiyeimiliki, kisha anaongezewa pango kwa sababu nyumba imepanda thamani.

Pamoja na hayo, kati ya njia tatu, kuboresha mitaa ilipo ndiyo inayomfikia huyu mpangaji akiwa bado yuko hapo, hata kama ni kwa miezi michache kabla mkataba wake haujaisha. Kupima viwanja hakumfikii. Maghorofa yanawafikia wachache mno. Kwa hiyo mimi niko upande wa fedha kuendelea kwenda Tandale, ila si kwa masharti ya sasa.

Sharti la kwanza livuke ukuta. Nyumba inayopata mtaro na lami mlangoni iwe na choo kinachonyonywa, na mradi uchangie gharama kwa wasio na uwezo, badala ya kumaliza fedha zote kwenye zege la nje. Mjane wa vyumba sita hatajenga choo hicho kwa amri ya bwana afya; atajenga akipewa nusu ya gharama na fundi. Na aliyepokea nusu hiyo akubali kutopandisha pango kwa muda utakaoandikwa, kwa sababu sasa kuna kitu cha kubadilishana naye. Bila hicho, kumwambia asipandishe ni kumwomba tu.

Usafi wa mitaro uende kwa mtaa wenyewe, na fedha yake iende nao. Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka ya 1990, wakazi walifanya kazi za kujenga mitaro kwa mikono yao na kwa ujira, wakaendesha vioski vya maji vilivyowaingizia kipato. Baadaye CIUP, mpango mwingine wa kuboresha miundombinu ya mitaa, ulizitaka jamii zichangie asilimia tano kabla ya ujenzi. Sisemi kulikuwa na peponi. Hata Hanna Nassif pango lilipanda baada ya maboresho. Ila mtu aliyechimba mtaro ana sababu ya kugombana na anayetupa kiroba humo, na DMDP haikuacha ugomvi wa namna hiyo nyuma yake. Sehemu ya kodi ya majengo inayokatwa kwenye mita za mtaa husika ingetosha kuwalipa vijana wa kusafisha, tena kwa fedha ambayo mpangaji amekwisha kuitoa.

Halafu orodha. Kabla ya mkandarasi kukabidhiwa eneo, mtendaji wa mtaa na wajumbe wa mashina waandike nani anaishi wapi, mwenye nyumba na mpangaji, na mwaka mmoja baada ya makabidhiano waandike tena. Najua itakavyochezewa: wapwa na mabinamu kutoka Morogoro watageuka wapangaji wa muda mrefu ghafla, na wajumbe watapewa soda. Kwa Kota ilikuwa rahisi kwa sababu nyumba zilikuwa za serikali na majina yalikuwepo. Uswahilini itabidi majirani waisikie orodha ikisomwa mkutanoni, jina kwa jina, na wapinge hapohapo. Itachukua wiki kadhaa na itawaudhi wahandisi, ambao ratiba yao inataka kifusi kimwagwe kabla ya vuli.