Ukichukua Nauli Yangu, Niulize Kadi ya Njano

Kila Idi ikikaribia, simu zetu Mombasa hujaa matangazo ya safari. Tanga kwenda na kurudi, chakula ndani, njoo na kitambulisho. Hicho kitambulisho ndicho kilichonitia uchungu mpaka leo.

Kitambulisho hakikufikishi Tanga. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, labda ndipo watu wanapochanganyikiwa, lakini Tanzania haikuwamo katika mpango ule. Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka, wanataka pasipoti au kibali cha muda, na juu yake kadi ya homa ya manjano. Mtu anayepeleka mabasi kila sikukuu anayajua haya vizuri. Haandiki kwa kuwa akiandika, wateja watapungua.

Tulivuka Likoni baada ya alfajiri. Watoto walikuwa na hamu ya mapango ya Amboni, maana wazee husimulia kwamba yana njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa. Lunga Lunga, mpakani upande wetu, tukapanga foleni ya vibali juani, na hilo lilivumilika. Kilichotukwamisha ni kadi. Wengi hawakuwa nayo. Mwenye safari akapita kati yetu akinong'ona kwamba kuna kijana pembeni anazo, tutoe tu kitu kidogo. Moja niliishika mkononi. Muhuri upo, sahihi ipo, tarehe ya chanjo ni ya miezi iliyopita, na pa kuandika jina ni patupu.

Ile kadi inasema mwili wako una kinga. Homa ya manjano huenezwa na mbu, na ukishaipata hakuna dawa ya kuua kirusi chake. Chanjo moja yatosha maisha yako yote, na tangu Julai 2016 kadi yenyewe haiishi muda. Lakini huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hivyo hata ungedungwa pale pale mpakani, safari ya siku hiyo imekwisha. Anayemuuzia mama wa watu karatasi tupu anamrudisha nyumbani akiamini ana kinga ambayo hana, na ataamini hivyo miaka yote. Huyo kwangu ni mwizi, na alichoiba ni kikubwa kuliko nauli.

Mama mkubwa amepita miaka 70. Kwa umri wake sindano hii haidungwi ovyo. Aliyepita 60 daktari humpima kwanza, na akiona haimfai humwandikia barua ya kueleza sababu. Nani alimwambia? Mdogo wake ameolewa Ngamiani, mtaa wa Tanga, na doti ya leso aliyomnunulia alikuwa ameipakata tangu Likoni. Alikaa kwenye benchi akampigia simu. "Kuleni, ndugu yangu, msiningoje. Mie narudi." Kisha akatuomba maji.

Maafisa siwalaumu, walifanya kazi yao kwa adabu. Bei pia ilikuwa nafuu, nakubali.

Lakini mpaka ule tunaujua. Waingereza na Wajerumani waliuchora 1886, na Wadigo wakabaki huku na huku. Ulifungwa 1977, ukafunguliwa 1983, na wazee wetu wanaikumbuka miaka ile ya kutozikana. Leo uko wazi, tena tangu 2010 tuna soko la pamoja la Afrika Mashariki. Inauma sana kwamba anayetuzuia sasa ni mwenzetu wa mtaani, kwa kuficha mstari mmoja wa tangazo.

Basi andikeni: pasipoti au kibali, kadi ya njano, chanjo siku 10 kabla. Asiye na karatasi msimpokee pesa, mwelekezeni pa kuchanjwa, hapa hapa Mombasa.

Sisi tuliambiwa nauli hairudi kwa sababu mafuta yameshachomeka. Mama mkubwa tumeshampeleka kwa daktari, na barua yake ikitoka tutapanda basi la kawaida la abiria. Ile nauli bado tunaidai.