Mguu wa kisukari: tupige hesabu ya soli kwanza, mgonjwa mmoja mmoja baadaye

Mwenye kisukari aliyeingiwa na ganzi miguuni anaweza kukanyaga msumari asubuhi na asijue mpaka jioni, anapovua kiatu na kukuta soksi ina damu. Hatari hiyo watu wanaijua. Isiyoonekana ni ya hatua za kawaida: uzito unagandamiza palepale, nyuma ya kidole gumba, ngozi inaota sugu, na chini ya sugu nyama inachubuka kimyakimya. Sugu ikija kupasuka, kidonda kilishaanza zamani.

Wahandisi wanataka kukiwahi. Huchukua picha za CT au MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili, huujenga mguu upya ndani ya kompyuta pamoja na mifupa, kano na nyama, huugawa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kisha hukokotoa kila kipande kinabeba mzigo gani. Faida ipo, tena kubwa. Mkeka wa vihisio vya shinikizo anaoukanyaga mgonjwa kliniki hupima yaliyo juu ya ngozi tu. Modeli, yaani mguu huo wa kompyuta, huingia hadi mfupa unapokutana na nyama, ambako mkazo mara nyingi huzidi wa juu. Pia unajaribu soli kumi, nene, laini, iliyopinda mbele, bila kukata hata moja.

Wanaotilia shaka nao wana hoja. Nyama ya unyayo wa mwenye kisukari hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, maana sukari hujishikiza kwenye protini zake. Ipe kompyuta vipimo vya nyama ya mtu mzima wa afya, itakupa picha ya rangi za kupendeza na jibu lisilo la mgonjwa wako. Tena modeli nyingi humsimamisha mtu tuli, wakati kidonda huletwa na kutembea, kugeuka na msuguano wa pembeni, ambao hata kuupima ni kazi. Gharama ya MRI sina haja ya kuieleza.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, si hesabu. Nchini Uholanzi, jaribio la DIAFOS lililochapishwa mwaka 2013 lilifuatilia wagonjwa 171 waliowahi kupona vidonda. Wote walikuwa na viatu vya kushonewa, ila vya karibu nusu yao vilirekebishwa kwa kufuata vipimo vya shinikizo. Kwa jumla, marekebisho hayo hayakuleta tofauti ya kutegemewa. Lakini ukiwaangalia waliovaa viatu angalau kwa asilimia 80 ya hatua zao, vidonda vilirudi kwa asilimia 25.7 ya wenye viatu vilivyorekebishwa, na asilimia 47.8 ya wale wa kundi la pili. Kwa hiyo hesabu ya shinikizo inafanya kazi, mradi kiatu kiwe mguuni. Na wagonjwa hao walivivua wapi zaidi? Nyumbani, ambako ndiko walikopiga hatua nyingi.

Hao ni Waholanzi. Kwetu viatu huachwa mlangoni, ndani ni peku au kandambili. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Panya hawamo kwenye modeli yoyote.

Sisemi modeli ziachwe. Ninachopinga ni dhana kwamba kila mgonjwa lazima awe na yake. Soli ianze kupinda wapi, iwe nene kiasi gani, sponji yake iwe ngumu vipi: hayo yanaweza kukokotolewa mara moja, yakahakikiwa kwa vihisio ndani ya kiatu, ambako lengo linalotumika kimataifa ni shinikizo la chini ya kilopaskali 200, kisha kiolezo kikapewa mafundi. Chuo cha TATCOT kule Moshi kinafundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, mikono ipo.

Kuna watakaoachwa nje: waliokatwa vidole, na ambao mifupa imebomoka hadi unyayo ukageuka umbo. Kwa hao soli ya wote haifai, na hapo picha ya MRI inalipa. Kwa waliobaki, uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, ukibonyezwa unyayoni, unatosha kumjua aliyepoteza hisia. Soli ya kwanza kukokotolewa ningetaka iwe ya ndara: nyepesi, yenye kamba ya kisigino isichomoke, rahisi kuosha, na ya kuvaliwa ndani tu, ili mwenye nyumba asiione kuwa kiatu cha barabarani kilichoingia sebuleni.