Sindano hupunguza kipandauso, haziponyi

Kichwa cha habari iliyochapishwa, kinachodai kwamba sindano za Kichina (akupancha, yaani kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa) huponya kipandauso kabisa, kimevuka mipaka ya ushahidi, nami namwomba mhariri akirekebishe. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti 22 na washiriki 4,985, yalionyesha kwamba maumivu yalipungua kujirudia kwa nusu au zaidi kwa wagonjwa 50 kati ya kila 100 waliochomwa sindano halisi, na kwa 41 waliochomwa za kuigiza. Tofauti hiyo ni ndogo. Hata hivyo, kwa mtu anayejifungia chumbani gizani akitapika, nafuu ya siku chache ni kubwa mno. Anayetaka kujaribu asiache dawa zake bila kumwuliza daktari, na ahakikishe kila sindano inafunguliwa kwenye pakiti mpya mbele yake.